Kaswida Moja Moja, Nyuma ya Pazia

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kilio na mnong'ono mbele yake ni sawa, na anayemsikia mtoto akiwa bado tumboni. Yeye ndiye aliyetuvusha miezi ile, na kwa jina lake nasimulia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Binti yangu wa mwisho alikuwa na mimba yake ya kwanza, huko Jinja alikoolewa. Kwa desturi yetu angerudi kwangu Namatala, pale Mbale, ajifungue mikononi mwangu, lakini sista wa kliniki alikataa asipande gari mpaka Mbale. Basi nikamwachia mwalimu mwenzangu chuo changu cha dini cha wasichana, nikafunga kanga zangu, nikaenda mimi.

Nilimkuta amevimba miguu, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Presha ilikuwa imepanda. Hospitali vitanda vilikuwa vimejaa, kwa hiyo alipewa dawa alale nyumbani, na kila baada ya siku chache apelekwe kupimwa.

"Chumba kiwe na giza kidogo," sista aliniambia. "Na asishtuliwe, mama. Kishindo kimoja kinaweza kumwamshia kifafa cha mimba."

Kifafa hicho nilikijua. Kazi yangu nyingine Mbale ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na nilikuwa nimemwosha mmoja aliyekufa hivyo, ulimi wake umekatwa na meno yake mwenyewe. Sikumwambia binti yangu. Nilibaki nikimtazama macho tu, nione kama yanageuka.

"Mama," alisema siku moja, "ukinitazama hivyo ndiyo presha inapanda."

Shida ilikuwa nyumba. Walikaa vyumba viwili nyuma ya duka, katika zile nyumba za zamani za Wahindi, katikati ya mji. Asubuhi milango ya mabati ilivutwa juu kwa kishindo, mchana wapiga debe wa teksi waliita abiria, na karibu yetu kulikuwa na mtu anayegonga masufuria. Kila kishindo kilipolia, mimi ndiye niliyeruka.

Mkwe wangu ndiye aliyepata wazo. Alikuwa fundi wa kompyuta, na nyumbani alikuwa nayo moja aliyoiunga kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Mwaka ule alikuwa amezihamishia humo kaswida zote za wasichana wangu, kutoka kwenye kanda nilizokusanya tangu nianze kufundisha. Alisema tukiweka spika dirishani kwa mgonjwa na kaswida zikaenda polepole mfululizo, kelele za barabarani zitafunikwa. Binti yangu alifurahi. Nyingi alikuwa ameziimba mwenyewe akiwa mdogo.

Lakini kanda zile zilirekodiwa kila moja kivyake. Moja ilirekodiwa chumbani kwangu, redio ya kurekodia ikiwa mbali, na sauti zinasikika kama za watu walio chini ya kisima. Nyingine ilirekodiwa harusini Nakaloke, redio ikiwa katikati ya matari. Ukiweka sauti ya kutosha kaswida ya kwanza, ya pili inakuja kama jiwe juu ya bati. Ilibidi kila kaswida irekebishwe peke yake: aifungue, programu imchoree sauti kama milima na mabonde, aipunguze au aiongeze, aihifadhi, ndipo afungue nyingine. Na wa kumwambia ipi iko juu na ipi iko chini nilikuwa mimi, niliyezijua.

Sasa, kwetu Wagisu, kama kwa Wasoga na Waganda, mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Desturi hiyo inaitwa buko. Anayeivunja, wazee husema, mikono yake itatetemeka mpaka kufa. Mimi nimesoma dini. Najua mume wa binti yangu ni maharimu wangu, si dhambi kukaa naye, na wasichana niliwafundisha hivyo. Lakini ilikuwa kichwa tu kilichosoma. Miguu yangu haikuwahi kuvuka mlango wa chumba alimokaa yeye.

Basi alihamisha spika sebuleni, akafunga mlango wa mgonjwa, akakaa kwenye kompyuta. Mimi nilikaa uani kwenye sigiri yangu ya makaa, nyuma ya blanketi tulilolitundika mlangoni kuwa pazia.

"Hii imesikika, mama?"

"Kidogo. Ongeza, baba."

"Sasa?"

"Bado. Ongeza tena."

Binti yangu alitusikia kutoka kitandani. "Mnaongea kama watu wanaouziana mbuzi kupitia ukuta," alisema, na nilisikia anacheka. Siku nyingi hakuwa amecheka.

Tulifanya hivyo alasiri baada ya alasiri. Alinisikilizisha mwanzo wa kila kaswida, nami nilipima kwa mwanzo huo. Na mwanzo wa kaswida zetu ni msichana mmoja peke yake, anayesoma taratibu. Mimi nilimsikia kupitia blanketi zito, chungu kikichemka karibu yangu, nikamwona yuko chini. Nikasema ongeza. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba sikio langu halikuwa mahali pa sikio la mgonjwa, wala kwamba baada ya msichana mmoja huja wanawake wote.

Tukarudisha spika dirishani. Siku mbili tatu zikapita salama, mgonjwa akapata usingizi. Kisha, baada ya sala ya alasiri, nikiwa uani, nikasikia ile ya Nakaloke inaanza. Msichana alisoma vizuri. Halafu matari yakapigwa na vigelegele vikapasuka, chumba kizima kikalia, na ndani ya kelele hizo nikasikia binti yangu anapiga yowe.

Sikumbuki nilivyovuka lile blanketi. Mkwe wangu alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti, tukabanana mlangoni bega kwa bega. Binti yangu alikuwa amekaa, ameshika tumbo, anatetemeka mwili mzima, macho yake yako kwenye dari. Nikamwona yule wa Mbale niliyemwosha. Mkwe wangu aling'oa waya wa spika.

"Muite," nilimwambia. "Muite, anijibu mimi au akujibu wewe."

Alimwita mkewe. Alimwita tena. Macho yakashuka polepole.

"Nawasikia," binti yangu alisema. "Msinipigie kelele na nyinyi." Kisha akalia, na kutetemeka kwake kukawa ni kulia tu.

Tulimpeleka kupimwa kwa gari la jirani. Presha ilikuwa imepanda, lakini si kwa kiasi cha kumlaza. Sista alituambia tuuzime huo muziki wetu. Tukauzima, na kesho yake asubuhi mabati ya madukani yalimrusha tena kitandani.

"Mama, rudisheni kaswida," aliniomba. "Zile naweza kuzizoea. Hii ya mabati siijui inakuja lini."

Hapo nikasema bismillahi. Nilimwambia mkwe wangu alete kompyuta chumbani, na mgonjwa tukamkalisha barazani kwa jirani. Nikalaza kichwa changu kwenye mto wa binti yangu, yeye mkwe akiwa hatua chache kutoka kwangu, amegeuza uso ukutani kwa heshima.

"Usinipe mwanzo," nilimwambia. "Nipe pale kwenye kelele zaidi."

Tulipima kila kaswida kwa vigelegele vyake, mpaka matari ya Nakaloke yakawa kama vidole juu ya kitambaa. Mara nyingine yule msichana wa mwanzo alipotea kabisa. Tukamwacha apotee. Jirani, mama mzee wa Kisoga, alichungulia dirishani akashika mdomo.

"Mama Mwalimu, umekaa na mkwe wako? Utatetemeka wewe."

"Natetemeka tayari, dada. Wacha nitetemeke nikifanya kazi."

Hofu haikuondoka. Kila kaswida ilipobadilika nilimtazama macho, hata zile nilizozipima mwenyewe. Lakini binti yangu hakushtuka tena. Alifika mwezi ambao sista alikuwa anautaka, mtoto ameshakomaa, ndipo asubuhi moja akasema kichwa kinamuuma na anaona cheche. Tulipofika hospitali hawakuturudisha. Alifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo, na sista alitoka akasema kifafa kilikuwa mlangoni. Mimi na mkwe wangu tulikuwa tumekaa benchi moja. Wote wawili wazima, alisema sista, mama na mtoto wa kike. Mkwe wangu akainama akalia, nami nikamwekea mkono begani, nikauacha hapo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, kama una mgonjwa nyumbani, Mungu aipe nyumba yako utulivu, akupe sikio la kumsikia pale alipolala, na hofu yako aigeuze kuwa shukrani. Amina.