Kigelegele cha Bi Muhsina

Ukitaka harusi yako isikike mpaka nyumba ya saba, ulikuwa humwachi Bi Muhsina. Waswahili wa Maskati walimjua, kuanzia Hail kwake mpaka Wadi Kabir, na wasiomjua kwa jina walimjua kwa sauti. Kigelegele chake hakikuwa kama cha wenzake. Kilianza kwa mlio mmoja mwembamba, mkali, ulionyooka, ukadhani mtu kakupulizia filimbi sikioni. Halafu ndipo ulimi ulipoanza kucheza. Alikipata Tabora kwa bibi yake mzaa mama, akaja nacho Omani mwaka sabini na tano, pamoja na masanduku mawili ya bati na mume. Mume Mungu kamchukua, masanduku yameliwa na kutu, kigelegele kipo.

Alikuwa karani wa wizara mpaka alipostaafu, mwanamke wa watu, mcheshi, mkarimu wa kupitiliza, na mwenye ulimi unaotangulia akili. Hilo la mwisho simsingizii, mwenyewe alikuwa akilisema. Na ndilo lililomkosanisha na mwanawe wa pekee, Khole.

Khole alikuwa msichana mrefu, mkimya, mfanyakazi wa benki. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia mama yake kaanza kucheza barafu. Bi Muhsina akacheka, akamwambia barafu huliwa, haichezwi. Kumbe ni magongo ya barafuni, ule mchezo wa kuvaa viatu vyenye chuma chini na kukimbizana na kisahani cheusi cha mpira, na Khole ndiye kipa, yaani anayesimama golini apigwe. Mjini kulikuwa na ukumbi wa barafu, na jioni za wanawake mwanamume haingii. Haramu yoyote Bi Muhsina hakuiona hapo. Aliona aibu, ile ya watu watasemaje, na hiyo, jamani, ina nguvu kuliko haramu.

Basi ikaja posa kutoka Bustan, mama wa kijana na dada yake. Halua iko mbele ya wageni, kahawa inamiminwa, mama mtu akauliza lile begi refu lenye magongo pale mlangoni ni la nani. Khole mwenyewe kasimama na birika mkononi, afungue kinywa ajibu, na mama yake akamdakia.

"La mtoto wa jirani," akasema Bi Muhsina.

Posa yenyewe haikufika popote, lakini neno lilifika. Tangu siku ile Khole hakumwambia mama yake jambo lolote la mchezo wake, na kidogo kidogo akawa hamwambii jambo lolote. Salamu alitoa. Dawa za presha alileta. Chakula alikula na kushukuru. Angegomba, Bi Muhsina angejua pa kumshikia, lakini adabu tupu utaishika wapi? Miaka miwili nyumba ile ya Hail ikawa kama ya wapangaji. Bi Muhsina aliteketea moyoni, wallahi. Alitaka kuomba radhi, ila mzazi wa kwetu hajui aanzie wapi kumwomba radhi mtoto. Huishia kupika kile mtoto anachokipenda. Alipika mpaka akachoka.

Mwaka wa Gonu, kabla kimbunga chenyewe hakijaja, rafiki yake Shariffa, anayegawa viatu pale ukumbini, alimletea habari. Yanakuja mashindano ya wanawake ya kimataifa, timu nne, na wenyeji ni kina Khole. Ni ya daraja la pili, Shariffa akaeleza, lakini mshindi anapanda la kwanza. Bi Muhsina akamwuliza hilo daraja liko njia ipi, na kama kuna pa kuegesha gari. Usimcheke, mwenzio alikuwa tayari kwenda.

Alikwenda siku ya mwisho, wala Khole hakuambiwa. Nia yake ilikuwa moja tu: mtoto amwone pale mbele ya watu, ajue mama yake haoni haya naye tena, na hiyo ndiyo iwe radhi. Hakuwa na nyingine ya kutoa. Lakini alipoingia na kuwaona watu, akapanda kwenda kukaa viti vya mwisho.

Nje jua linakaanga, ndani baridi inagonganisha meno. Shariffa akamfuata na blanketi, akamweleza mambo yalivyo: kina Khole na Wathai, timu ya Thailand, wako bao moja kwa moja, muda karibu unakwisha, na sare inawatosha kina Khole kupanda. Bi Muhsina akatazama golini asimwone mwanawe. Aliona kitu kikubwa, kimefungwa magodoro miguuni na kinyago usoni. Kisha kile kitu kikainamisha kichwa upande, kama Khole anavyofanya akisikiliza, na mama akamjua. Huyu ndiye niliyemkana, alijisemea, tena kwa sababu ya watu waliokuja kula halua.

Mthai mmoja akachomoka na kisahani, akapiga. Khole akajitupa, mguu ukakikuta, wanawake wote wakapumua. Kwa Bi Muhsina hapo mambo yamekwisha, kipa kadaka. Hakujua kuwa kisahani hakijashikwa, kimelala tu mbele ya goli na mchezo unaendelea. Alisimama, blanketi likaanguka, akakiachia kigelegele chote cha Tabora.

Ule mlio wa kwanza ulipita juu ya barafu, ukagonga ukuta, ukarudi. Ghadeer, nahodha wa kina Khole, akainua gongo lake na kuacha kucheza, akiamini refa kapuliza filimbi. Mabeki wenzake wakaacha. Hata Wathai wakaacha, isipokuwa msichana mmoja mdogo wa umbo aliyekuwa kainamia kisahani chake wala hana habari. Akakisukuma, kikaingia golini bila mtu kukizuia. Wenyeji wakamzunguka refa wakilalamika, naye akawaonyesha filimbi yake, hajaigusa. Goli likakubaliwa. Mpaka mwisho halikurudishwa, wakabaki daraja la pili.

Shariffa hakuwa na haja ya kumweleza Bi Muhsina. Vichwa vyote vilivyokuwa chini vilikuwa vimegeuka kumtazama yeye. Angeweza kushika njia akaenda zake nyumbani, na wengi wetu ndivyo tungefanya. Yeye aliteremka ngazi akiushika ukuta, akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha wachezaji.

Ghadeer akatoka wa kwanza, macho mekundu, akauliza kwa Kiarabu ni nani yule aliyepiga kigelegele. Bi Muhsina alitaka kusema, akawahiwa. Nyuma ya Ghadeer alikuwa amesimama Khole na magodoro yake, jasho linamtiririka, akajibu kuwa ni mama yake. Hakushusha sauti alipolisema. Ghadeer akawatazama wote wawili, akapita.

"Nimekuharibia, mwanangu," Bi Muhsina akasema. "Nilitaka unione, nikawapigia filimbi ya uongo. Nisamehe. Na lile la begi, nisamehe."



"Wenzangu ndio waliodhani filimbi," Khole akasema. "Mimi nnakijua kigelegele chako, mama. Nilikisikia nikajua umekuja. Nikageuka kukutafuta."

Bi Muhsina alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji ya viatu vya watu, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita. Khole alitaka kukaa naye, magodoro yakamkatalia kukunja magoti, ikabidi ajibwage ubavuni mwake na miguu imenyooka mbele.

"Ulikaa wapi?" akamwuliza. "Nimetafuta, sikukuona."

"Juu kabisa," akasema mama yake. "Nyuma ya watu."