Udongo Safi wa Mama

Dada yangu ni fundi wa maabara ya udongo, na hana dogo. Akiona kosa atalisema, hata kama aliyekosea ni yeye. Safari hii tabia hiyo haikumsaidia kitu, na mimi mpaka leo nina hasira.

Kazi ilikuwa kupima kama mabaki ya mgodi yanaua mashamba ya bondeni. Wakulima wanataka lundo la mabaki liondolewe. Mgodi unasema halina neno. Kipimo chenyewe ni rahisi: makopo mengine unatia udongo wa bondeni, mengine udongo safi, kila kopo mbegu thelathini za mchicha na nyungunyungu kumi, kisha unalinganisha. Udongo safi ulitakiwa utoke mbali, lakini gari la ofisi halina mafuta. Dada akaenda ng'ambo ya kilima, akachota ndoo moja bustanini kwa mama. Bustani ile imetulisha mpaka mimi nikaota ndevu; nani angeitilia shaka?

Baada ya wiki mbili, kwenye makopo ya bondeni zilikuwa zimeota mbegu tatu tatu, nyungunyungu hoi. Akageukia ya mama. Nne nne, na nyungunyungu wamejikunja juu ya udongo kama wanatafuta mlango.

Alifika kwa mkuu wake akihema.

"Hakuna tofauti," mkuu akasema, kalamu mkononi. "Kwa hiyo mabaki hayana madhara."

"Bosi, si hivyo! Yamefika mpaka kwetu. Hapo hakuna udongo safi hata kopo moja!"

"Nani aliandika 'safi' kwenye makopo?"

"Mimi. Nimekosea. Tupime upya."

"Ripoti inatakiwa leo, dada. Weka sahihi."

Alikataa katakata. Mkuu akaweka yake, mhuri ukagongwa, basi. Jioni nilimkuta dada jikoni kwangu anasugua sufuria ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nikamwambia ampigie mama.

"Mama, usipande kitu bustanini msimu huu."

"Nimeshapanda, mwanangu. Mara tatu, na mchicha hauoti hata mmoja. Nikasema ni mkono wangu umezeeka, nikaona haya kuwaambia."

"Si mkono wako, mama. Ni udongo."

"Alaa!" Sauti ya mama ikachangamka. "Afadhali umesema wewe mtaalamu. Enhe, na ofisi yenu imeandikaje?"