Hema la Aislandi Nyuma ya Mnada wa Isiolo

Nikisema nilikosa usingizi siku tatu mfululizo kwa sababu ya hema, mtanicheka, na haki ya kucheka mnayo, lakini acheni kwanza nieleze halafu mcheke mkiwa na habari kamili, kwa maana kisa hiki kinazunguka Isiolo kwa namna nyingi na kuna wanaoapa kwamba nilibebwa na upepo mpaka Merti. Ni uongo. Nilibebwa hatua kama thelathini tu, na aibu yake inanitosha bila kuongezewa kilomita.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: litasimama au halitasimama?

Kuna mzee mmoja hapa mjini, Bwana Mutwiri, mwenye duka la mabati na misumari. Yeye na mkewe, Mama Kawira, ni Wameru walioishi Isiolo tangu kabla mimi sijazaliwa. Binti yao Kawira ni muuguzi huko Aislandi, ile nchi ya kisiwa iliyo juu kabisa ya dunia karibu na barafu, na mwaka huo aliwaalika wazazi wake waende kumtembelea. Sasa Bwana Mutwiri hakutaka kwenda kukaa sebuleni kwa binti yake akitazama televisheni. Alitaka kukizunguka kisiwa chote kwa gari, aone maporomoko, milima inayotoa moshi, maji yanayochemka yenyewe ardhini, na kila siku jioni alale ndani ya hema, kwa sababu aliona picha moja ya hema la manjano mbele ya maporomoko, na Bwana Mutwiri akishaipenda picha, maneno yamekwisha. Kawira hangepata likizo ya kuwazungusha. Akahitajika mtu wa kuipanga safari na kuandamana nao, na mimi nilikuwa na digrii ya utalii iliyokaa ndani ya bahasha miaka miwili (mama yangu aliitoa tu wageni wakija, kama vikombe vizuri).

Shida ilikuwa Mama Kawira. Siku waliponiita dukani alisema waziwazi, "Mimi nililala chini nikiwa msichana. Nikafanya kazi, nikajenga nyumba ya mawe, nikanunua kitanda. Sasa nipande ndege niende kulala chini tena? Tena kwa baridi?"

Bwana Mutwiri akanigeukia. "Kaltuma, wewe ndiye umesomea hii mambo. Hema iko sawa ama haiko sawa?"

Ukweli niliujua. Nilikuwa nimesoma wiki nzima kuhusu upepo wa Aislandi, upepo ambao ukifungua mlango wa gari vibaya unaondoka nao, na mimi mwenyewe, niwaambie siri, niliogopa hema kuliko Mama Kawira. Lakini mtu aliyekaa miaka miwili bila kazi hamwambii mwajiri hapana. Nikasema, "Iko sawa kabisa, Bwana Mutwiri."

"Haya, basi tuonyeshe. Jumanne, saa nne. Fomu ya viza inauliza tutalala wapi kila usiku. Mama Kawira akiona hema imesimama kwa upepo, tunajaza fomu na jina lako linaingia. Isiposimama, nitatafuta mtu mwingine."

Hapo ndipo usingizi ulipohama.

Nyumbani kwetu singeweza kufanyia majaribio kwa sababu ya mbuzi, ambao kamba kwao ni chakula, kwa hiyo nikaamua (na huu ndio uamuzi mdogo ulionimaliza) kwenda kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya mnada wa mifugo, ambako nilikuwa nimemwambia Bwana Mutwiri anikute, nifike Jumanne hiyo hiyo, ambayo si siku ya mnada, saa mbili asubuhi, nipate muda wa kukosea bila kuonwa. Hema niliazima kwa binamu yangu aliyewahi kuajiriwa kuhesabu mifugo, hema jeupe, kubwa, la heshima. Nikabeba na meza ya plastiki, maana ramani ya Aislandi ingepeperuka. Nikabeba kiti, mtu hawezi kusimama saa mbili nzima. Nikabeba mwavuli wa kufunika meza. Nikabeba daftari la kuandikia kasi ya upepo. Nikavaa koti zito la rangi ya machungwa, kwa kuwa nilitaka kujua kama mikono inaweza kufunga kamba ndani ya koti zito, na simu nikaitia kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji nikaivaa shingoni.

Sasa nyinyi mliozaliwa huku hebu nitazameni kwa mbali. Hema jeupe. Meza. Kiti. Mwavuli. Msichana mwenye koti la rangi kali, kitu kinaning'inia shingoni, daftari mkononi. Mimi mwenyewe nikipita barabarani nikaona kitu kama hicho, nisingeuliza swali. Ningekimbia nyumbani kuchukua kitambulisho.

Nilikuwa nimepiga vigingi vinne kati ya kumi na viwili nilipoinua kichwa nikamwona bibi mmoja amekaa kwenye kiti changu.

"Salaam aleikum, Akko," nikasema. Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi.

"Aleikum salaam." Alikuwa anafungua fundo kwenye ncha ya shuka lake. Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya ramani, katikati ya mlima wa moto. "Andika."

"Akko, hii si usajili wa msaada."

"Najua. Andika mapema kabla watu hawajajaa."

"Akko, kweli tena. Hakuna chakula, hakuna pesa, mimi ninajaribu hema tu."

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, hata mara ile ya mwisho walisema si usajili. Waliokwenda nyumbani walikosa. Waliokaa wakapata. Mimi nimekaa."

Mngefanyaje? Niliwaza yote: nikikataa nimemvunjia heshima mtu wa umri wa nyanya yangu, nikiendelea kubishana saa nne itanikuta, nikiandika atafurahi aende zake na hakuna aliyeumia. Nikaandika. Jina lake, basi, jina moja tu, chini ya kasi ya upepo.

Nilipoinua macho, nyuma yake walikuwa sita.

Nawaambia watu wa Isiolo wana simu zisizotumia chaji. Kufikia saa tatu foleni ilikuwa imefika ukuta wa mnada, na wasiokuwapo walikuwa wamewekewa mawe ya kuwashikia nafasi, kila jiwe na mwenyewe, na mawe mawili yalikuwa tayari yanagombaniwa. Mama mmoja aliwasha jiko akaanza kuuza chai. Mtu mmoja aliyetoka Oldonyiro tangu alfajiri kwa shughuli zake nyingine kabisa alitaka kujua kama watu wa Oldonyiro wana laini yao. Na kila nikisema "jamani, hii si usajili," wale wa nyuma walisogea mbele zaidi, kwa sababu ilikuwa sasa imethibitishwa.

Nikaona dawa ni ukweli wote. Nikapanda kwenye kiti nikapaza sauti, "Hema hii ni ya kwenda Aislandi! Ni nchi! Iko mbali! Tunapanga safari ya kwenda kutembea huko!"

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Kwa hivyo ni ya ng'ambo?"

"Ndiyo, ng'ambo, kwa hiyo haiwahusu, poleni sana."

"Kazi ya ng'ambo!" akapiga kelele kwenda nyuma, na niliona pikipiki tatu zikiwashwa kwenda kuleta ndugu.

Mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya kushonwa kwa mkono alisogea mezani, akaitazama ramani kichwa chini miguu juu. "Huko wanafuga nini?"

"Kondoo, mzee." (Mimi nikiulizwa swali lazima nijibu, ni ugonjwa wa shule.) "Kondoo wengi. Wakati wa joto wanawaachilia milimani wenyewe, bila mchungaji, halafu wanawakusanya kabla ya baridi."

"Bila mchungaji." Alilirudia polepole kama mtu aliyeambiwa watoto wanalelewa na paka. "Na fisi?"

"Fisi hakuna."

"Simba?"

"Hakuna."

"Wezi wa mifugo?"

"Sijasoma popote kwamba wapo."

Mzee akawageukia wenzake. "Wanatafuta wachungaji," akawatangazia. "Kondoo ni wengi, watu hawajui kuchunga, na fisi hakuna." Mguno uliopita katika foleni ile sijawahi kuusikia tena. Mwanamume mmoja alisema kwa uchungu, "Miaka yote hii tumekaa hapa na fisi." Mwingine akaanza kunieleza ujuzi wake, tangu utotoni, jina la kila kisima kutoka Korbesa kuteremka.

Ni katika dakika hiyo ndipo gari la Bwana Mutwiri lilipotokea.

Akashuka na suruali yake ya Jumapili. Mama Kawira akashuka na mkoba. Wakautazama umati, wakalitazama hema, lililokuwa limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, wakanitazama mimi juu ya kiti.

"Kaltuma," akasema Bwana Mutwiri, "hawa wote wanakwenda na sisi?"

Watu wengine wakibanwa hivyo hukimbia. Wengine hulia. Mimi huenda mahali penye utulivu nikafikirie. Nikasema, "Nipeni dakika moja," nikashuka, nikaingia ndani ya hema, nikafunga zipu.

Humo ndani palikuwa pazuri, naapa. Nilikaa nikaanza kupanga: kwanza niwaombe radhi wazee, au kwanza nimweleze Bwana Mutwiri, au nimwambie Bwana Mutwiri awaombe radhi wazee. Nilikuwa nimefika hoja ya tatu nilipokumbuka kwamba vigingi vinane bado viko kwenye mfuko, na upepo wa Isiolo, ambao asubuhi nzima niliuandika daftarini kuwa "wa wastani", ukakumbuka pamoja nami.

Kwanza sakafu ilijaa hewa. Halafu sakafu ikawa ukuta. Halafu ukuta ukawa sakafu na mimi nikawa juu yake kwa kichwa, nikiwa na koti langu zito, nikisikia nje watu wanasema "Subhanallah!" na "Yesu!" kwa wakati mmoja, na zipu, niliyoifunga vizuri kabisa, ikakataa kufunguka. Nilipinduka mara nne. Nilihesabu, hata humo nilihesabu.

Walioniokoa ni wale wachungaji. Nilisikia fimbo zikidondoka chini na miguu inakimbia, na sauti ya yule mzee ikitoa amri kama mtu anayezuia ngamia aliyeshtuka: "Shika kamba! Huyo wa mbele, kalia! Kalia, usivute!" Watu watano wakalikalia hema, wawili kati yao wakanikalia mimi. Mzee akafunga kamba kwa fundo la kufungia mizigo ya ngamia, mwisho mmoja kwenye pikipiki, mwisho mwingine kwenye pikipiki nyingine, na hema likasimama. Likasimama wima, zuri, kama kwenye ile picha. Kisha mimi nikatokea chini ya ukingo wake, kichwa kwanza, mtandio umefika puani, nikitambaa kwa tumbo mbele ya watu zaidi ya mia.

Mama Kawira alicheka mpaka akatafuta kiti, akakaa, akaendelea.

Bwana Mutwiri hakucheka. Alilizunguka hema, akalisukuma kwa mkono, akaridhika. Akaniuliza nikiwa bado nimepiga magoti, "Kwa hivyo, Kaltuma. Iko sawa ama haiko sawa?"

Foleni yote ikasogea karibu kusikia jibu, ingawa hakuna aliyejua swali. Na kazi yenyewe nilikuwa naiona pale pale, ilibaki kuichukua tu, kwa sababu hema lilikuwa limesimama. Ningesema iko sawa, jina langu lingeingia.

"Haiko sawa," nikasema. "Upepo wa huko ni baba ya huu, na huko hatutakuwa na wazee wa kutukalia. Mimi naogopa, Bwana Mutwiri. Niliogopa tangu siku ile dukani, nikakudanganya kwa sababu nilitaka kazi."

Kisha nikawageukia wengine, nikawaambia nao kwamba hakuna chakula wala kondoo, kosa ni langu, nisingeandika hata jina la kwanza. Nilingoja matusi. Yule Akko akasema, "Haya. Basi kata jina langu, usiende nalo popote." Na kila mtu akataka hivyo hivyo, kwamba jina lake likatwe mbele ya macho yake, maana jina lililobaki kwenye daftari la mtu usiyemjua ni jambo la hatari. Foleni ikaanza upya, safari hii ya kutoka. Nilikata majina, nikiomba radhi kwa kila mmoja, mpaka adhana ya adhuhuri, na Mama Kawira ndiye aliyesimamia foleni, akiwa chini ya mwavuli wangu. "Wewe wa jiwe, rudi nyuma! Jiwe halikatwi jina!"

Tangu siku hiyo nimeapa: meza yangu haitoki tena nje ya mlango wa nyumba, na mtu akiniambia "andika" nitauliza maswali matatu kwanza.

Njiani kurudi dukani Mama Kawira akasema, akitazama dirishani, "Baba Kawira, mimi naenda na huyu. Mtu wa kukwambia wewe 'haiko sawa' nimemtafuta miaka thelathini. Wewe ukitaka hema, enda na hema."

Tulipofika, Bwana Mutwiri akatoa fomu ya viza chini ya kaunta, akanisukumia na kalamu. Nikaanza kujaza usiku wa kwanza, nyumba ya wageni ya mfugaji wa kondoo, yenye vitanda na maji ya moto, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilihisi pumzi yake juu ya bega langu.

"Kaltuma," akanong'ona, mkewe asisikie. "Usiku moja tu. Karibu na yale maporomoko. Moja."

Alikuwa na uso wa mtu wa kuhurumiwa, na kidogo tu nimwambie "tutaona".

"Hapana, Bwana Mutwiri," nikasema, nikaandika nyumba ya mfugaji kwa kila usiku wa zile siku kumi, nikampa kalamu atie sahihi.