Maka Abdille, mtunzi wa wachunga mawingu

Saa tatu asubuhi jua la Garissa limeshakuwa kali, lakini Maka Abdille hana habari nalo. Ameketi kivulini mwa kibanda chake cha mikeka, amegeuza debe kuwa meza, na mkono wake unakimbia juu ya karatasi ya kaki iliyokuwa mfuko wa sukari. Midomo inamcheza. Mara anacheka peke yake, mara anakunja uso na kufuta mstari mzima.

“Kuna wingu limegoma kukamuliwa,” anaeleza bila kuinua kichwa. “Ngoja nimalizane nalo.”

Maka ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kutunga riwaya za mambo ya ajabu. Ndani ya riwaya hizo watu hawachungi ngamia wala ng’ombe, wanachunga mawingu. Wanayapeleka malishoni juu ya milima, wanayakamua mvua, na msichana akiposwa, mahari yake hulipwa kwa mawingu.

Kibanda chake kiko katika kijiji cha ulinzi nje kidogo ya mji. Tangu mwaka jana, 1966, familia zilizokuwa zikihamahama zimekusanywa hapa kwa sababu ya vita kati ya serikali na wale wanaotaka eneo hili lijiunge na Somalia. Kuna uzio wa miiba na lango moja. Malisho ya karibu yamekwisha. Ng’ombe wawili wa maziwa, ambao Maka aliwanunua kwa malipo ya kitabu chake cha kwanza, walikufa hapa kwa njaa. Sasa anashona nguo kwa cherehani ya mkono ili nyumba ipate chakula, na anaandika kabla wateja hawajafika.

“Ng’ombe wamekwenda, kitabu kipo,” anasema. “Sikukaa nikalia sana.”

Alizaliwa kwa wafugaji kandokando ya mto Tana. Alipofika miaka saba, baba yake alimpeleka Lamu kukaa na habaryar wake, yaani mama mdogo, aitwaye Khadijo, aliyeolewa na mfanyabiashara wa ngozi. Huko alijifunza Kiswahili na kukiandika, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za shuleni.

“Kwa habaryar nilikuwa na kila kitu isipokuwa ngamia,” anasema. “Basi nikawa napanda juu ya paa, natazama mawingu na kuyapa majina ya ngamia wa baba. Hili jeupe mpole, lile jeusi linauma. Kazi ilianzia hapo, ingawa sikujua kwamba ni kazi.”

Aliporudi Garissa kuolewa na Adow, dereva wa lori, kurasa zilikuwa zimejaa sanduku. Adow ndiye aliyezibeba hadi kwa mpiga chapa mmoja wa Mombasa, na mwaka 1961 *Ngamia wa Moshi* kikatoka. Walimu walikinunua, makarani wakaazimana hadi majalada yakachanika. Adow alitembea na nakala yake ndani ya lori, akiwaonyesha abiria jina lililoandikwa juu. “Huyu ni wa kwangu,” alikuwa akisema.

Mwaka 1965 lori hilo lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Adow hakurudi.

Maka aliweka kalamu chini katikati ya riwaya yake ya pili. Karibu mwaka mzima hakuandika hata jina lake. Aliyemrudisha kazini ni mama mkwe wake, Arbia, asiyejua kusoma, ambaye alizoea kusimuliwa kila kilichoandikwa.

“Nilimwuliza, yule msichana Anab yuko wapi?” Arbia anakumbuka, akisukuma kikombe cha chai mbele ya mgeni anayeandika haya. “Ulimwacha mlimani na mawingu yake, chakula hana, maji hana. Mwanangu amekufa, sawa, ni amri ya Mungu. Huyo naye unamuua kwa nini?”

Maka alishika kalamu siku hiyohiyo.

Ndivyo *Wachunga Mawingu* ilivyoendelea. Humo mfalme mmoja anaamuru mawingu yote yafungiwe ndani ya boma la miiba ili yasipotee, na nchi inakauka. Anab anakwenda kuyatoa. Kila alasiri Maka aliwasomea wanawake wa kijijini, akikigeuza Kiswahili kuwa Kisomali papo hapo.

Si wote waliofurahi. Dekow, mdogo wake Adow, alimjia juu mbele ya watu. “Shemeji, unaandika kwa lugha ya hawa waliotufungia?”

“Naandika kwa lugha niliyofundishwa kuandika,” Maka alimjibu. “Kisomali chetu bado watu wanagombania herufi zake. Siku zikikubaliwa, mimi nitakuwa wa kwanza. Mpaka hapo Anab angoje?”

Upande wa pili nao ulikuwa unasikiliza. Habari zilifika kwenye kambi ya wanajeshi, na Maka akaitwa na karatasi zake zote. Ofisa aliyezisoma alikuwa na Kiswahili kizuri, na alisoma taratibu.

“Mama, huyu mfalme ni nani?”

“Ni mfalme wa hadithi, afande. Hana hata jina.”

“Na hili boma la miiba?”

“Boma la miiba, afande, hata mbuzi wangu wanalijua.”

Ofisa hakucheka. Alizikunja kurasa kabla hajafika mwisho, akasema zitapelekwa Nairobi zikaangaliwe. Maka alitoka mikono mitupu. Kilichomuumiza, anasema, hakikuwa hofu ya kufungwa.

“Sikuwa na nakala nyingine,” anasema. “Nilihisi kama nimemfukia Adow mara ya pili.”

Kesho yake wanawake walikuja alasiri kama kawaida, wakaketi. Maka aliwaambia hakuna cha kusoma. Hawakuondoka. Mmoja akaanza kusimulia sura ya kwanza, neno kwa neno, hata pale Maka alipokosea kusoma siku ile. Mwingine akadakia. Maka alikimbilia mifuko ya sukari na kuanza kuandika.

Ubishi haukukosekana. Gumato, mwanamke wa Kiborana aliyeletwa kutoka upande wa Wajir, alikataa katakata jinsi sura ya mwisho ilivyosimuliwa. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakuyumba.

“Abaayo, dada yangu, wewe nasahau,” alimwambia Maka. “Lango nafunguka, ile wingu mama hapana toka. Iko na mtoto mgonjwa ndani. Mama nangoja mtoto.”

Maka hakuwahi kuandika hivyo. Katika kurasa zilizochukuliwa, Anab anafungua lango na mawingu yote yanatoka kwa kishindo. Alimtazama Gumato, ambaye kila mtu alijua kwamba alimuuguza binti yake njiani kuja hapa hadi akamzika.

“Umesema kweli,” alimjibu. “Mimi ndiye niliyesahau.”

Sura hiyo ndiyo iliyobaki. Maka anasema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika, na hasiti kusema imetoka kwa nani.

Hared, mfanyabiashara wa ngozi wa hapa Garissa, aliipeleka riwaya nzima Mombasa katika msafara wa magari yenye ulinzi. Alirudi na ujumbe wa mpiga chapa: yuko tayari, lakini lile boma liondolewe, lisimletee balaa. Maka alimrudisha Hared na jibu fupi, kwamba bila boma hakuna kitabu. Mwezi uliopita mpiga chapa alikubali. Kazi ya kupanga herufi imeanza.

Kurasa zilizochukuliwa hazijarudi kutoka Nairobi. Yule ofisa amehamishwa. Siku ya kuondoka alisimamisha gari karibu na kibanda cha Maka, akateremsha kioo.

“Mama, yule msichana alifanikiwa?”

“Kitabu kinatoka Mombasa, afande. Kanunue.”

Safari hii alicheka.

Sasa Maka yumo katika riwaya ya tatu, ile yenye wingu lililogoma. Wachungaji wake wamefika Mandera, kwenye mto Daua wa mpakani, ambako nchi tatu zinatazamana. Yeye mwenyewe hajawahi kufika. Amani ikirudi, anasema, atapanda lori akauone mto huo kabla ya kuandika sura ya mwisho, maana katika riwaya yake mto unasimama, unajikung’uta na kuhamia upande mwingine kila watu wanapolala.

Arbia anatikisa kichwa. “Na kwa kitabu hicho nacho wanajeshi watakuita.”

“Waniite,” anasema Maka, akichovya kalamu. “Nitawasomea mwenyewe. Mtu anaamka asubuhi, mto umehama, hajui yuko nchi gani. Anachojua ni nani aliyempikia chai.”