Nimefukuzwa kwa Kuingia Bila Hodi

Leo nimefukuzwa kwenye nyumba ya watu, na kosa ni langu.

Nieleze kidogo. Mjukuu wangu Neema na wenzake wametafsiri mchezo wa kompyuta kwa Kiswahili, kwa mapenzi yao tu. Kazi ya mwaka mzima. Msomaji wao wa mwisho ni mimi, mwalimu mstaafu. Nikikataa, hautoki.

Asubuhi, hapa Ipuli, Tabora, nikakataa.

Kiswahili kilikuwa safi. Lakini shujaa, kijana mdogo, anaingia nyumbani kwa bibi kizee kimyakimya, anafungua mitungi yake, ndipo anauliza njia!

"Babu, ndivyo wenye mchezo walivyoutengeneza," Neema akasema, karibu alie.

"Tabora imepokea wageni tangu enzi za misafara," nikamjibu. "Hata mwenye njaa alipiga hodi."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Kisha akaanza kuubadilisha mchezo wenyewe, siyo maneno tu. (Kumbe wanaweza!)

Saa kumi akaniita. "Haya, jaribu."

Nikauona mlango. Nikaiona mitungi. Nikaingia moja kwa moja.

Bibi akainua mwiko: "Wewe! Umelelewa wapi? Rudi mlangoni!"

Neema alicheka hadi akakaa chini. "Babu! Mwalimu mzima!"

Nikarudi. Hodi. Shikamoo.

"Marahaba, mwanangu, karibu." Akanielekeza njia, akanipa na kibuyu cha asali.

Mchezo nimeupitisha. Unatoka jioni hii.

Mkishaucheza, semeni kweli: nani mwingine kafukuzwa?