Paka Ameondoka, Kochi Bado Linanuka

Admin, naomba unifiche kabisa, maana Haydom tunajuana na mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wawili. Mume wangu ananunua mbuzi kwenye minada ya huku Mbulu na Hanang, kwa hiyo mara nyingi nabaki nyumbani na watoto na baba mkwe. Tulimleta kutoka Masieda baada ya mama mkwe kufariki.

Baba mkwe wangu ni mtu wa heshima. Alikuwa mzee wa kanisa, na mpaka leo akipita barabarani hata watu wazima wanasimama kumpa shikamoo. Kila siku alikuwa anavaa koti lake, anakaa kwenye kochi kubwa la sebuleni na redio yake, hana shida na mtu.

Tatizo lilianza na paka. Tulimfuga kwa sababu ya panya, maana mahindi tunayaweka ndani. Sitamsingizia, siku moja kweli alikojoa kwenye kochi, nilimwona kwa macho yangu. Kama hujawahi kunusa mkojo wa paka uliozama kwenye sponji, mshukuru Mungu. Nilivua vitambaa nikafua kwa sabuni ya unga. Nikapaka siki, nikanyunyiza magadi nikayaacha yanyonye. Jirani akaniambia nimwagie jik, nikamwagia, ikawa ni mkojo na jik pamoja, macho yanawasha na rangi ya kochi imetoka. Nikaishia kuanika sponji juani mpaka harufu ikapungua. Nikajua nimeshinda.

Halafu ikarudi. Safari hii doa lilikuwa kubwa kama sinia, na lilikuwa pale pale anapokaa baba. Yeye alikuwa amesimama pembeni. Akasema bila kuniangalia, "Mama, huyu paka wenu amefanya tena." Nikamjibu, "Ndiyo baba, nitafua." Paka mwenyewe alikuwa amelala jikoni tangu asubuhi, nilikuwa namruka nikipika.

Mlioolewa huku kwetu mnajua. Mkwe hawezi kufungua mdomo amwambie baba mkwe jambo kama hilo. Siku nyingine nilitoka bombani nikamkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye beseni, anafua suruali yake mwenyewe. Mzee ambaye sijawahi kumwona ameshika sabuni. Nilirudi kinyumenyume na ndoo yangu, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka nikahisi amemaliza. Nililia sana huko, jirani akadhani nimepigwa.

Basi tukaishi hivyo. Baba anamtaja paka, mimi naitikia na kufua. Ilipofika zamu ya jumuiya kusali kwetu, wanawake walibanana mlangoni, na mmoja alisali amefunika pua na kitenge. Wifi yangu akampigia simu kaka yake kwamba nyumba yako inanuka. Mume wangu alirudi amevimba. Akaniuliza mbele ya watoto, "Hivi wewe kwenu mlilala zizini?" Baba alikuwa pale pale. Akaongeza sauti ya redio.

Mume wangu akamkamata paka, akamtia kwenye kiroba, akamfunga kwenye pikipiki. Baba alitoka mpaka mlangoni akasema, "Mwache tu mwanangu. Mnyama hajui." Mume wangu akamwambia, "Baba, usimtetee huyu mchafu." Akaenda kumtupa mbali kule kwenye mashamba ya ngano, njia ya Basotu. Watoto walilia mpaka wakalala.

Kesho yake kochi lililowa tena.

Baba alisimama pembeni kama kawaida, akafungua mdomo, lakini paka wa kumtaja hakuwepo. Nilikwenda tu kuchukua beseni. Tangu siku hiyo hakai tena kwenye kochi. Anakaa nje kwenye kigoda, kwenye upepo, na koti lake. Chai anaikataa, maji anaonja tu, na mimi najua kwa nini hanywi. Midomo imempasuka, amekonda. Sasa anasema anataka kurudi kwake Masieda, kwenye nyumba iliyofungwa, isiyo na mtu wa kumwashia moto. Mume wangu amekubali, anasema mzee amekumbuka nyumbani.

Najua mtaniambia apelekwe hospitali. Watu wanapanda basi kutoka mbali kuja hospitali ya hapa, na sisi tunakwenda kwa miguu. Lakini ukimuuliza baba anasema yuko salama, na akienda na mwanawe ataeleza maumivu ya magoti tu. Mtaniambia pia mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini maradhi si yangu, na anayeyaficha ni mkwe wangu.

Juzi nilimpelekea uji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi yule paka anaweza kujua njia ya kurudi?" Nikamwambia, "Labda, baba." Uji hakuugusa.

Paka wa jirani amezaa na wanawe wameshaacha kunyonya. Nimchukue mmoja, baba arudi ndani anywe chai yake, mimi niendelee kufua na kuitwa mchafu mpaka Mungu atakapoamua? Au nimweleze mume wangu, nimvue baba yake nguo mbele ya mwanawe? Jumamosi mume wangu anakuja kumpeleka baba Masieda, na nguo zake tayari nimezifunga. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanya lipi?