Shairi Lililorekebishwa Mbele ya Watu

Jamaldin alirithi sikio la baba yake, sauti hakurithi. Mzee huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mghani wa kutegemewa mtaani Kibokoni, na harusi ya jamaa haikukamilika mpaka aketi mbele ya watu aanze kuzighani tungo za wengine. Mwanawe alikuwa mtu wa kuketi nyuma, karibu na viatu. Lakini mshororo ukipungua silabi moja tu, Jamaldin aliuhisi mwilini, kama mtu ateremkaye ngazi gizani akakosa kidato.

Kwa kazi alikuwa karani wa wakala wa meli. Alishinda akiwaandikia wenye shehena barua za adabu za kuwaarifu kwamba mzigo wao umechelewa, na kati ya barua na barua alitunga. Alikuwa ametunga tangu ujanani, na sasa alikuwa ameipita hamsini. Alipata kupeleka mashairi gazetini. Mawili yalitoka, moja likiwa na jina lake limekosewa. Hakulalamika. Moyoni aliona huenda mhariri amemfanyia hisani. Kwani Jamaldin alikuwa na ugonjwa huu: utungo uliompendeza Jumatatu, kufika Ijumaa ulikuwa umekauka kama mkate wa juzi, naye hakuwahi kujua kama kasoro ni ya utungo au ni ya macho yake.

Mwaka wa tisini na nane, Jaffar, mtoto wa jirani aliyesomea mambo ya umeme, alifungua chumba cha kompyuta Makadara, juu ya duka la vitambaa. Ndiye aliyemshika mkono Jamaldin.

"Maalim, mashairi yako umeyaweka ndani kama mwari. Njoo huku, kuna watu wayaposa."

Jamaldin hakuwa mwalimu wa chochote, ila Jaffar alimpa kila mtu cheo alichoona kinamfaa.

Watu hao walijiita Baraza. Lilianzishwa na Shukri, kijana wa Mji wa Kale aliyekwenda Maskati kufanya kazi ya benki, na hamu ya kwao ilipomzidi akakusanya anwani za barua pepe za watu wapendao mashairi: wa Lamu, wa Dar es Salaam, wa London, wa Toronto. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu akituma utungo kwenye anwani ya Baraza, mtambo humgawia kila mmoja. Na desturi yao ilikuwa moja, kwamba hakuna utungo uachwao bila kupokewa. Hata uwe umechechemea namna gani, sharti mtu auambie neno jema.

Siku utungo wake ulipopokewa kwa mara ya kwanza, mtu wa Toronto ambaye hakumjua kwa sura wala kwa ukoo alimwita ustadh. Jamaldin alilisoma neno hilo, akatazama pembeni, akalisoma tena. Alipotoka, alirudi nyumbani kwa njia ya mbali, asije Mejumaa, mkewe, akamwona usoni kabla hajautuliza. Tangu hapo kila Jumamosi, ofisi ikifungwa adhuhuri, alipanda ngazi za Jaffar. Alijua kwamba sifa za Baraza zilikuwa rahisi kupatikana. Alijua, na bado alizifuata, kama ajuaye kwamba chai ina sukari mno na bado akaongeza kikombe.

Mapema mwaka uliofuata aliingia mgeni. Alijitambulisha kwa maneno machache: aitwa Mbodze, kwao ni Kaloleni, akaa dirisha la tiketi la kampuni moja ya mabasi pale Mwembe Tayari, na hajapata kumwonyesha mtu alichoandika. Mama yake alikwenda Taveta kununua maharagwe, akaugua huko, akazikwa huko kabla habari haijamfikia. Chini ya maelezo hayo palikuwa na mistari hii:

*Kila basi liingialo lina mama wa mtu.*
*Natazama mlango mpaka dereva ashuke,*
*maana dereva ndiye wa mwisho.*
*Kisha nauza tiketi.*

Jamaldin alisoma, na kila mahali mguu wake ukakosa kidato. Hapakuwa na vina wala mizani. Alimhurumia mwandishi huyo, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Zamani, mwanagenzi alimwendea mtu anayemwamini, wakajitenga wawili ukumbini, utungo ukanyooshwa kimyakimya, na siku ya siku mwanagenzi akausoma mbele za watu kana kwamba ulizaliwa umenyooka. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Ndivyo Jamaldin alivyokusudia kumfanyia Mbodze. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, akaandika:

*Mabasi yote yafika, mama yangu simuoni,*
*Abiria washashuka, nabaki mimi njiani,*
*Machozi yananitoka, yanilowesha shavuni,*
*Mama njoo kwa haraka, mwanao nipo shidani.*

Aliongeza maelezo ya upole juu ya faida ya vina, akabonyeza mahali pa kujibu, akaenda zake ameridhika.

Jumamosi iliyofuata Jaffar alimlaki mlangoni na bunda la karatasi.

"Maalim, leo umenimalizia wino. Kila nichapacho ni chako."

"Changu kipi?"

"Si lile la mabasi! Umelivisha kanzu, umelivisha na kofia."

"Nilimwandikia yeye peke yake."

"Peke yake wapi? Ukijibu pale umejibu uwanjani. Hata mimi nimelisoma, nami si mshairi, ni fundi wa waya."

Aliketi akasoma. Walikuwa wamelipokea shairi kwa shangwe. Mtu wa Lamu alisema huo ndio mkono wa watunzi wa Mvita. Mtu wa Toronto alisema ustadh ametoa darasa. Shukri aliandika kwamba dada Mbodze ana bahati kubwa. Jamaldin aliweka vidole juu ya herufi. Sentensi moja ingetosha: kwamba barua ile haikuwa ya watu wote, kwamba asamehewe. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuona jina lake katika kila barua, kutoka ya juu mpaka ya chini, na vidole vilikawia. Mwishowe aliandika, "Nashukuru," akaituma.

Mbodze hakuandika tena. Wiki zilipita, na Barazani hakuna aliyelitambua hilo. Desturi ya kumpokea aliyesema haikuwa na la kumfanyia aliyenyamaza. Jamaldin peke yake alilitafuta jina lile, mwanzo kwa kupitisha macho tu, halafu kabla ya kitu kingine chochote. Alijaribu kutunga, akaona kila mshororo unamtazama. Ikiwa mtu mmoja alijitokeza kwa woga wote ule, akarudishwa ndani na mkono wake yeye, basi huo mkono ulikuwa na kazi gani?

Jioni moja alimkuta Mejumaa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Nisikilize kidogo."

"Masikio yako wazi. Mikono ndiyo ina kazi."

Akamsomea mistari ya Mbodze. Mbuzi ilinyamaza.

"Kwani mamake hakuya?"

"Alikufa huko alikokwenda. Sasa sikiliza na hii." Akasoma ya kwake, kwa mahadhi kidogo. Kabla hajafika mwisho, nazi ilikuwa ikikunwa tena.

"Ipi bora?"

"Mimi nitajuaje mashairi, baba? Hiyo ya pili yaimbika."

"Lakini?"

"Lakini huyo wa pili alia mno. Mtu yuko kazini, watu wamejipanga wataka tiketi, atalia saa ngapi?"

Jamaldin alikwenda dirishani na karatasi zote mbili. Ilikuwa kweli. Mbodze hakutia chozi hata moja. Machozi yote yalikuwa ya Jamaldin, na aliyatia kwa sababu nusu ya mshororo ilidai kina cha *ka*. Na yule dereva, ambaye kushuka kwake ndiko kulikokata tamaa yote, alikuwa amemtoa kwa sababu hakuenea.

Jumamosi hiyo aliliandikia Baraza barua aliyoipima kuliko utungo wowote. Alieleza kwamba marekebisho yale yalitumwa kwa wote kwa makosa, kwamba alipokea sifa zisizo zake, kwamba shairi la Mbodze lilikuwa hai naye akaliua, na kwamba amwomba radhi. Wiki iliyofuata majibu yalikuwa tele. Shukri aliandika, "Huu ndio unyenyekevu tuliousikia kwa wazee wetu!" Mtu wa Toronto alitunga beti nne za kuusifu unyenyekevu huo. Kwa Mbodze, kimya.

"Maalim," Jaffar alimwambia, "hawa hata ukiwatukana watakupigia makofi."

Basi ikabaki njia moja, nayo ndiyo aliyoiogopa. Alikwenda Mwembe Tayari kwa miguu, akitayarisha majibu njiani. Akikasirika, nitamwambia hivi. Akinifukuza, nitamwambia vile. Mpiga debe alimdaka mkono, "Nairobi, mzee? Nairobi ya sasa hivi, kiti cha mbele!" akajinasua, akauliza dirisha la Mbodze, akajipanga kwenye foleni yake kama msafiri.

Mbodze alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kichwa amekifunga kitambaa cha manjano, akiandika bila kuinua uso.

"Wenda wapi, mzee?"

"Siendi popote, mwanangu. Mimi ni Jamaldin. Wa Baraza."

Kalamu ilisimama. "Ala! Maalim mwenyewe? Shikamoo."

"Marahaba."

"Nisamehe, sikukuandikia kukushukuru."

Majibu yote aliyoyatayarisha njiani yalikuwa ya kujibu hasira.

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Si ulinitengenezea? Nilipoyaweka pamoja, langu na lako, niliona kumbe nilikuwa nacheza. Nikaacha. Kuna watu wa mashairi na kuna watu wa tiketi." Alisema bila uchungu, kama mtu aelezaye kwamba basi la asubuhi limekwisha kuondoka. Hilo lilimchoma Jamaldin kuliko tusi.

"Barua yangu ya juzi hukuiona?"

"Niliiona. Nyinyi mwatia watu moyo sana, ndiyo desturi ya pale. Yule wa Toronto langu alisema ni lulu. Siku ile ile akamwambia mwingine lulu, na huyo aliandika juu ya paka wake."

"Mimi sikutii moyo. Nakwambia nililiharibu."

"Ahsante, Maalim."

Alikuwa haamini, na kwa nini aamini? Neno lake lilikuwa limetoka katika ghala moja na maneno ya wote. Mtu mnene aliyesimama nyuma yake na sanduku kichwani alikohoa.

"Mzee, kama husafiri, tupishe tusafiri sisi."

"Ngoja kidogo, kaka," Mbodze alisema, akamgeukia Jamaldin kwa upole wa mtu anayetaka kumaliza vizuri. "Hebu nighanie lile lako nilisikie kwa sikio. Uliandika kwamba vina ndivyo vinavyolishika shairi kichwani."

Jamaldin alianza. *Mabasi yote yafika, mama yangu simuoni.* Mshororo wa pili ulikuja nusu, *Abiria washashuka*, ukakatika hapo. Alirudi mwanzo, akaharakisha ili aruke lile pengo, akakwama pale pale. Yeye ambaye alihifadhi tenzi za kukesha nazo alisimama mbele ya dirisha la tiketi akihesabu vidole. Mizani aliikumbuka yote. Silabi nane zilikuwepo, tupu, kama viti ambavyo havijakaliwa na mtu.

"Umelisahau?"

"Nimelisahau."

"Na langu?"

Hakuwa amekusudia kulihifadhi. Hata hakujua kwamba yuko nalo. Lilimtoka kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa halikuwa na mahadhi ya kuliongezea: kila basi liingialo lina mama wa mtu, natazama mlango mpaka dereva ashuke, maana dereva ndiye wa mwisho, kisha nauza tiketi.

Yule mnene alilitua sanduku chini. Alimtazama Mbodze kupitia nondo za dirisha.

"Pole, dada," alisema.

Mbodze alichukua kitabu cha tiketi, akakifungua, akakifunga, na kwa mara ya kwanza alimtazama Jamaldin kama mtu atazamaye mgeni aliyefika kweli, si aliyetuma salamu.

"Ninalo jingine," alisema. "La chumba tulichokaa na mama. Halijaisha."

"Litume."

"Barazani? Wanipe lulu ya pili?" Akacheka kidogo puani. "La. Keti pale bencini. Nikiwamaliza hawa wa Voi nitakusomea, nawe unyamaze mpaka mwisho."

"Na nikisikia limepungua mahali?"

"Unyamaze vile vile. Haya, kaka, wenda Voi? Jina?"

Jamaldin alikwenda akajipenyeza bencini, kati ya mama mmoja na vikapu vyake, akanyamaza kuanzia hapo hapo.